Diski ya harusi inagonga tik-tik na siwezi kumpa fundi. Naomba msaada niiokoe hapahapa nyumbani, Amu (Lamu)

MpigaPicha_Mkomani · Jumatatu, saa 4:12 usiku

Assalaam aleikum wanajamvi. Wale wenye ujuzi wa kompyuta nawaomba dakika tano zenu.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Amu, upande wa wanawake tu. Kupamba, lelemama (ngoma ya wanawake), bibi harusi kutolewa ukumbini. Mambo yetu mnayajua: humo ndani hakuna buibui wala mtandio, watu wamejipamba na kujiachia kwa sababu kamera iko mkononi mwa mwanamke mwenzao. Simu zinakusanywa mlangoni, zinatiwa kikapuni. Anayebaki na kamera ni mie peke yangu.

Sasa diski yangu ya nje, ya tera moja, imekufa. Mna harusi kumi na moja. Nane nishakabidhi. Tatu sijazihariri, na kadi za kamera nilishazifuta ili nizitumie tena. (Msinitukane, nishajitukana ya kutosha.)

Dalili: nikiichomeka taa inawaka, inazunguka, halafu tik... tik... tik... mara saba nane hivi, kisha inanyamaza. Wiki iliyopita asubuhi ilikuwa inagoma, mchana inakubali. Siku mbili hizi haikubali kabisa. Mara moja Windows iliniambia lazima niifomati ndipo niitumie. Sikubonyeza kitu.

Mtaani kuna kijana anatengeneza laptopu, mtu mzuri tu, lakini ni mwanamume, na hakuna fundi anayeokoa video asizifungue kuona kama zimetoka sawa. Kuipeleka maabara Nairobi ni yale yale. Je, kuna ninaloweza kulifanya mwenyewe bila kuimaliza kabisa?

KijanaWaLangoni · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Itie kwenye mfuko wa nailoni, weka friza usiku kucha, asubuhi chomeka ukopi harakaharaka. Binamu yangu alifanya hivyo ikakubali.

MzeeWaBaraza · Jumatatu, saa 4:41 usiku

Pole mwanangu. Kwani huwezi kumpata fundi mcha Mungu ukamwapisha? Waaminifu wako bado.

MpigaPicha_Mkomani · Jumatatu, saa 4:50 usiku

Ami, kauli yako naiheshimu. Lakini hii amana si yangu nikaigawa. Ni ya wanawake walioingia ukumbi ule, na hata mmoja sikumuuliza kama fundi anaruhusiwa kuona.

FundiBodi_Malindi · Jumatatu, saa 5:35 usiku

Waaleikum salaam dada. Kwanza ichomoe, na usiichomeke tena hata kwa "kujaribu kidogo" mpaka tumalize kuzungumza. Kila inapogonga, vichwa vya kusomea vinarushwa huku na huku juu ya sahani, zile duara za ndani zinazobeba data. Kama kimoja kimevunjika kinaparura, na pale kilipoparura hapana wa kuparudisha, si mie wala maabara.

Friza, hapana. Vichwa vile vinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na unywele wa mtu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Itoe diski kwenye baridi uiweke katika hewa yetu ya pwani, itatoka jasho kama chupa ya soda iliyoachwa barazani saa nane mchana. Jasho hilo haliishii nje, maana diski nyingi za kawaida zina kitundu cha kupumulia. Zamani friza iliwahi kuzisaidia baadhi zilizokwama, ndiyo maana kila mtu ana binamu.

Sasa sauti. Fundi wa mashine ya boti hutia bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akakwambia ugonjwa kabla hajafungua nati. Diski ni hivyo hivyo. Ikiwa kimya kabisa, shaka iangukie umeme na bodi ya sakiti. Kwenye bodi kuna dayodi ndogo ya kinga, na mtu akichomeka adapta ya laptopu ya volti 19 kwenye diski ya mezani ya volti 12, dayodi ile inakufa kwa niaba ya diski. Ikilia biip au ikivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, mota imekwama au vichwa vimenata juu ya sahani, usiiguse. Ikizunguka vizuri bila kugonga ila inasoma kwa kusuasua, ni sekta mbovu (vijisehemu vya sahani visivyosomeka), na huo ndio ugonjwa wa kutibiwa nyumbani. Inayogonga kama yako, mara nyingi ni vichwa. Kubadilisha vichwa hutaka chumba kisicho na vumbi na diski nyingine pacha ya kutolea vipuri. Hiyo haifanyiki juu ya meza ya chakula.

Lakini wewe umesema asubuhi inagoma, mchana inakubali. Kichwa kilichovunjika hakina saa zake. Diski ulikuwa ukiiweka wapi?

MpigaPicha_Mkomani · Jumatatu, saa 5:40 usiku

Kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa. Nilidhani ndipo mahali salama, juu, mbali na watoto.

FundiBodi_Malindi · Jumatatu, saa 5:58 usiku

Kidaka! Ukuta wa matumbawe unaotoa chumvi mpaka chokaa inavimba na kumwagika unga. Umeiweka diski ndani ya kopo la chumvi, dada yangu.

Basi sikiliza. Bodi iliyo chini ya diski haikuungwa kwa waya na vilivyomo ndani. Kwenye diski nyingi kuna pini ndogo za chemchemi zinazotoka kwenye mwili wa diski na kukandamiza vidoa vya madini upande wa ndani wa bodi. Ni mguso mtupu. Unyevu wa chumvi ukijipenyeza hapo, vidoa vinafanya weusi na ishara ya vichwa inakatikakatika. Bodi haiwezi kujua kama kichwa kimekufa au kina kutu njiani. Itajaribu, itagonga, itakata tamaa. Huku kwetu naziona sana, na zinazotoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi ndizo mbaya kupita zote.

Sikuahidi. Uwezekano mkubwa bado ni vichwa. Ila kuitazama bodi kwa chini hakuongezi madhara, mradi hukugusa kifuniko cha juu. Fungua boksi la plastiki, toa diski, geuza, piga picha ya bodi uilete hapa. Bodi haina sura ya mtu.

Na kile kijibodi cha USB kilicho ndani ya boksi usikitupe. Baadhi ya maboksi hufunga data kwa msimbo hata kama hukuweka nywila, ukiisoma diski bila kijibodi chake unapata uji mtupu. Nyingine hazina kijibodi kabisa, tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski.

KijanaWaLangoni · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Kwa nini asijaribu chkdsk kwanza, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski? Ni amri moja tu.

FundiBodi_Malindi · Jumanne, saa 2:02 asubuhi

Kwa sababu chkdsk haikuumbwa kuokoa faili zako, kazi yake ni kunyoosha daftari la diski (orodha ya faili na mahali zilipo) ili Windows iridhike. Ikikuta ukurasa haueleweki inaukata au inauandika upya, tena juu ya diski mgonjwa. Nimeletewa diski ambazo video zote zimegeuka vipande vya FOUND.000 kwa amri hiyo moja tu.

BintiShela · Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Niliwahi kuona mtu kafungulia maji ya moto bafuni ili mvuke ushushe vumbi, kisha akafungua diski humo humo. Vipi hiyo?

FundiBodi_Malindi · Jumanne, saa 2:34 asubuhi

Chumba cha mvuke. Amu. Hata sijui nianzie wapi.

MpigaPicha_Mkomani · Jumanne, saa 11:20 jioni

Nimefungua. Skurubu zake ni za nyota, ndogo kama punje za mchele. Nilizunguka Langoni nzima, nikapata bisibisi ya T6 kwa fundi simu, akaniuzia baada ya kuniuliza maswali kumi ninataka kufungua nini.

Boksi lilikuwa na kijibodi cha USB peke yake na diski ina tundu la SATA la kawaida (la kuichomekea kwenye kompyuta). Chini ya bodi kuna kipande cha sponji nyeusi. Nilipoinua bodi, upande wa ndani kuna vidoa vilivyojipanga safu mbili, vidogo, kila kimoja ukubwa wa kichwa cha pini. Vinne vya mwisho vinang'aa. Vilivyobaki vimefanya weusi, na viwili vina rangi ya kijani kama ile ya sufuria ya shaba isiyosuguliwa. Katikati ya kila kidoa kuna kialama cha duara pale pini ilipokuwa ikigusa. Nimepiga picha hiyo hapo.

Naogopa hata kupumua.

FundiBodi_Malindi · Jumanne, saa 11:45 jioni

Pumua, ila si juu yake. Hii nimeipenda.

Chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, si ya bluu ya kalamu maana ina mchanga. Shika bodi kwa kingo. Sugua kila kidoa polepole, upande mmoja, kama unafuta herufi kwenye daftari la mtoto bila kutoboa karatasi. Vikianza kung'aa acha, kuna utando mwembamba pale usiumalize. Futa unga wa raba kwa brashi, kisha pamba ya masikio yenye spiriti ya kusafishia sakiti. Ile ya dukani ya kusafishia vidonda ina maji mengi, ukikosa nyingine itumie lakini uache ikauke saa nzima.

Pini za kwenye mwili wa diski zipanguse tu kwa pamba. Usizipinde. Usipulize chochote kwenye matundu.

KijanaWaLangoni · Jumanne, saa 12:01 jioni

Kolonya haitafaa? Nayo ina spiriti.

FundiBodi_Malindi · Jumanne, saa 12:03 jioni

Kolonya ina mafuta ya manukato. Diski itanukia vizuri ikiwa inakufa.

Dada, kabla ya kuchomeka: ikizunguka salama usifungue faili hata moja. Najua roho itakutuma uone harusi iko au haiko. Mguso ule unaweza kudumu saa moja au mwezi, na saa hiyo moja ni ya kunakili diski nzima, tangu sekta ya kwanza mpaka ya mwisho, kuitia kwenye faili moja kubwa. Faili zako utazitafuta baadaye kwenye nakala, hata kwa wiki, bila kumchosha mgonjwa.

Utahitaji diski nyingine nzima iliyo kubwa kuliko hii. Umewahi kutumia Ubuntu ya kwenye flashi, mfumo wa kuwashia kompyuta badala ya Windows?

MpigaPicha_Mkomani · Jumanne, saa 12:10 jioni

Sijawahi. Lakini harusi moja nilihariri siku nne bila kulala, sitashindwa na flashi.

MpigaPicha_Mkomani · Alhamisi, saa 10:05 alasiri

Ndugu zangu, IMEZUNGUKA. Haikugonga hata mara moja. Niliikatia umeme palepale kama ulivyosema, sijafungua kitu.

Diski mpya ya tera mbili nimeagiza Mombasa, imekuja na basi mpaka Mokowe, kutoka hapo na boti, imefika adhuhuri ikiwa imefungwa kwa leso tatu. Flashi ya Ubuntu ninayo. Nipe maneno.

FundiBodi_Malindi · Alhamisi, saa 10:40 alasiri

Laptopu iwake kwa flashi, bila kuingia Windows. Diski mpya uifomati kwa ext4 (mpangilio wa kuhifadhi faili) uipe jina KOPI. (Ingekuwa FAT32 ungekwama, haipokei faili linalofika gigabaiti nne, na lako litakuwa la tera nzima.) Programu ni GNU ddrescue, ya Antonio Diaz Diaz. Kwenye Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue, amri yenyewe ni ddrescue. Iko nyingine inaitwa dd_rescue, ni mtu mwingine huyo.

Kwanza, kuorodhesha diski zilizochomekwa:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`

Soma majina kwa sauti. Ipi mgonjwa, ipi mpya? Andika kwenye karatasi. Ukibadilisha chanzo na mwisho, utamwagia harusi zako utupu wa diski mpya, na hapo hakuna raba. Kama mgonjwa ni sdb:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/ubuntu/KOPI/harusi.img /media/ubuntu/KOPI/harusi.map`

Uzuri wake ni tabia. Mtu wa kawaida akikopi, kompyuta ikikutana na sekta mbovu inang'ang'ania hapohapo mpaka diski inachoka. Hii inachukua kwanza vilivyo rahisi, ikikwama inaruka mbele, inaandika kwenye lile faili la ramani "hapa nitarudi". Herufi ya -n inaiambia isianze kukwangua sehemu mbovu raundi hii. Ikimaliza, rudia amri hiyo hiyo lakini badala ya -n weka -r3, irudi kwenye mabaki mara tatu.

MpigaPicha_Mkomani · Ijumaa, saa 12:30 asubuhi

Naomba mniambie sijaharibu.

Nilianza baada ya isha, saa tatu. Ilikuwa inakwenda megabaiti 15 kwa sekunde, diski zote mbili zinagombania USB moja ya zamani, nikapiga hesabu nikaona kama saa kumi na nane na nusu. Nikalala pembeni yake. Saa saba usiku stima ikapotea. Betri ya laptopu yangu ni pambo tu, ikazima palepale.

Nimewasha tena. harusi.img lipo. Ramani haipo. Niliona anwani ni ndefu nikaandika harusi.map tu, bila /media.

FundiBodi_Malindi · Ijumaa, saa 1:10 asubuhi

Basi iliandikwa kwenye Ubuntu ya flashi, na ile inaishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Umeme ukienda, kila kilichomo kimekwenda nao. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, tena kwa kazi ya mteja.

Hujaharibu. Nakala yako bado ina zile gigabaiti mia mbili na kitu. ddrescue inaweza kuitazama nakala na kuchora ramani upya kwa kukisia: penye data ipahesabu pameshasomwa, penye sifuri tupu ipahesabu bado. Inafaa kwa sababu nakala ilianza ikiwa faili jipya:

`sudo ddrescue -G /dev/sdb /media/ubuntu/KOPI/harusi.img /media/ubuntu/KOPI/harusi.map`

Halafu endelea na ile ya mwanzo, anwani nzima safari hii. Na tafuta UPS ya jirani, ile betri inayoshikilia umeme stima ikipotea.

MzeeWaBaraza · Ijumaa, saa 2:00 asubuhi

Ninayo UPS ya redio hapa, haitumiki. Mtume mtoto aje aichukue. Mato yangu hayaoni yaliyoandikwa nyuma, lakini inalia stima ikipotea.

MpigaPicha_Mkomani · Ijumaa, saa 2:05 asubuhi

Ami, Mungu akuweke. Anakuja sasa hivi.

BintiShela · Ijumaa, saa 5:15 asubuhi

Wakati tunangoja: fundi, mtu atajuaje diski inaugua kabla haijagonga?

FundiBodi_Malindi · Ijumaa, saa 7:40 mchana

Diski inajiandikia cheti chake, kinaitwa SMART. Amri ya smartctl -a itakionyesha. Tazama namba 5, 197 na 198. Namba 5 ni sekta zilizokufa zikabadilishwa na za akiba, 197 ni zinazongoja hukumu, 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski, usingoje mwisho wa mwezi. Ya 199 ikipanda peke yake, mara nyingi ni waya, badilisha waya.

Ila cheti safi si kinga. Hii ya dada ingeweza kuwa na cheti safi mpaka siku chumvi ilipoziba.

KijanaWaLangoni · Ijumaa, saa 8:02 mchana

Na SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka? Mie laptopu yangu ni SSD, hainihusu hii si ndiyo?

FundiBodi_Malindi · Ijumaa, saa 8:20 mchana

Haigongi, ni kweli. Inakufa kimya, leo ipo kesho kompyuta haiijui. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, SSD nyingi huambiwa na kompyuta zisafishe nafasi ile zenyewe, kwa hiyo dawa za kurudisha vilivyofutwa mara nyingi hazikuti kitu. Inakuhusu, tena zaidi.

MpigaPicha_Mkomani · Jumapili, saa 3:30 asubuhi

Imemaliza. Naandika kama ilivyo kwenye skrini: diski ina baiti 1,000,204,886,016. Zilizokataa baada ya raundi zote ni baiti 311,296. Stima ilikatika mara mbili zaidi, UPS ya Ami ikalia, laptopu haikuzima.

Hizo laki tatu ni nyingi au kidogo?

FundiBodi_Malindi · Jumapili, saa 4:00 asubuhi

Ni vipande 76 vya baiti 4,096. Kwa diski iliyokuwa inagonga Jumatatu, dada, hiyo ni punje iliyoanguka kwenye gunia. Shida ni kujua imeanguka wapi. Zile sehemu zilizokufa kwenye nakala ni sifuri tu, jicho halizioni. Tuziandike jina:

`printf "HAPAPAMEKUFA " > alama.txt`

`sudo ddrescue --fill-mode=- alama.txt /media/ubuntu/KOPI/harusi.img /media/ubuntu/KOPI/harusi.map`

Itajaza neno hilo kwenye kila sehemu mbovu ya nakala, kwingine haigusi. Kisha fungua nakala kama diski, kwa kusoma tu (losetup -r -P, halafu mount -o ro), uzitafute faili zenye neno hilo kwa grep -rl. Zitakazotajwa ndizo zilizojeruhiwa.

Kama orodha ya faili haifunguki kabisa, iko TestDisk, na ikishindikana hiyo iko PhotoRec, zote za Christophe Grenier. PhotoRec haiulizi daftari la diski, inapekua sekta zote ikitafuta alama za mwanzo wa faili, mfano picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Inarudisha vitu, ila bila majina wala foleda, na video iliyotawanyika vipandevipande inaipotosha. Mungu akuepushe kupanga harusi kumi na moja zisizo na majina.

MpigaPicha_Mkomani · Jumapili, saa 1:45 usiku

Foleda zote zimefunguka na majina yake! grep ilichukua mchana kutwa, imetaja faili mbili tu. Kumbe sehemu nyingine mbovu ziliangukia mahali patupu.

Ya kwanza ni ya kamera yangu ya zamani, .MTS, lelemama ya harusi ya pili. Inafunguka na kucheza. Ya pili ni .MP4 ya kamera mpya, ndiyo ya bibi harusi kutolewa. Gigabaiti zote zipo lakini haifunguki, inasema faili limeharibika. Kwa nini ile icheze na hii igome, na zote zimepoteza punje tu?

FundiBodi_Malindi · Jumapili, saa 2:20 usiku

MTS ni kama tasbihi, punje moja ikivunjika zilizobaki zinaendelea, utaona picha inachafuka kidogo kisha inajirudi. MP4 ni kama kitabu chenye faharasa, na kamera nyingi huiandika faharasa mwishoni, ukishabonyeza kusimamisha. Sekta mbovu ikianguka kwenye faharasa, kurasa zote zipo na hakuna anayejua ipi inaanza wapi.

Tafuta programu inaitwa untrunc. Ipe video nyingine nzima ya kamera hiyo hiyo, mipangilio ile ile, bora iwe ya siku ile ile. Itajifunza umbo la faharasa kutoka kwa nzima na kuiundia iliyojeruhiwa. Fanya kwenye kopi.

MpigaPicha_Mkomani · Jumatano, saa 3:10 usiku

Imefunguka. Dakika 47, sauti na picha. Nimekaa sakafuni nimeiangalia mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimejifungia mlango.

Nakala sasa ziko mbili, moja kwangu, moja kwa mama katika bati la biskuti lenye mchele wa kunyonya unyevu. Hakuna aliyeona ila mie. Kidakani nimerudisha chetezo cha bibi, ndiyo haki yake.

Ile ya zamani naitupaje? Sitaki iokotwe na mtu akasoma uzi huu.

FundiBodi_Malindi · Jumatano, saa 3:25 usiku

Mchele acha, tafuta vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya mikoba na viatu.

Diski ikae mwezi kwanza, mpaka uwe umekabidhi harusi zote tatu. Halafu ndiyo ufungue kile kifuniko nilichokukataza. Sahani za diski za laptopu nyingi ni za kioo. Ifunge kwenye gunia, uipige kwa mchi. Vaa miwani.

BintiShela · Ijumaa, saa 10:30 alasiri

Nimekuwa nasoma kimya kumbe ile lelemama ni ya dadangu! Leo tumeangalia. Mama kauliza mbona pale katikati shangazi anaganda mkono juu, kisha anaendelea.

MpigaPicha_Mkomani · Ijumaa, saa 10:44 alasiri

Mwambie ni chumvi.

BintiShela · Ijumaa, saa 10:52 alasiri

Nimemwambia, hajaelewa, kacheka. Sikia, ile bisibisi ya nyota bado unayo? Diski ya kaka inasoma polepole na aliiweka dirishani mwaka mzima.

MpigaPicha_Mkomani · Ijumaa, saa 10:55 alasiri

Ipo. Njoo baada ya maghribi, uje na raba yako, yangu imekwisha.